Manyoya Meupe kwenye Suruali ya Fundi Makochi

Siku mliyoniaga pale maabara mlinivisha kanga, mkanilisha keki, halafu yule binti wa mapokezi akasema, "Bibi, usiondoke na mambo yako kichwani, tuandikie." Mie nikacheka. Mtu aliyeishia darasa la saba aandike nini mkisome nyie wenye diploma? Lakini nimekaa nyumbani Chang'ombe, wajukuu wakishaenda shule nabaki na kuta. Wajukuu zangu wote wana akili sana, wamerithi kwangu; baba zao mkiwaona mtakubali kwamba hakukuwa na pengine pa kurithi. Nyumba nimeifagia mpaka sakafu inaniogopa. Basi naandika.

Mshahara sitauongelea, maana wenyewe haukuwa muongeaji. Cheo nilipandishwa kimoja, kutoka mhudumu wa maabara kuwa mhudumu mwandamizi, na tofauti yake ni kwamba wa pili akikosea hawezi kusema ni mgeni.

Siku ya kwanza nilioga mara mbili. Nikajifukiza udi, nikavaa sketi nyeusi ya kwendea harusini. Nilijua nakwenda kwa wataalamu wanaopima vitu vya kesi za polisi, na kwa akili yangu ya wakati ule usafi ulikuwa ni harufu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kondo, mhudumu mkongwe, Mzaramo mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi na ulimi wake haujafungwa na chochote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatoka kwenye ndoa au unakwenda?"

Akaniambia nigeuke. Akachana kipande cha tepu ya kunata, akanibandika mgongoni, akakibandua, akakilaza juu ya karatasi nyeupe chini ya taa. "Haya, njoo ujione ulivyokuja kwa wingi." Nikainama. Kulikuwa na unyoya wa kuku. Kulikuwa na nywele za wigi la dada yangu, nyuzi za kanga, manyoya ya paka wa jirani, na kitu kifupi chekundu ambacho Mzee Kondo alikitazama kwa kioo cha kukuzia akasema ni cha mbuzi. "Wewe mama hujaja kazini peke yako," akasema. "Umekuja na zizi."

Nilikwenda kulia chooni. Sio kwa uchungu, kwa hasira: mbuzi mwenyewe sikuwa naye! Alikuwa wa nyumba ya tatu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hilo ndilo lilikuwa somo. Mtu hapiti mahali bure. Anaacha kidogo chake na anabeba kidogo cha pale, hata kama ni mbuzi aliyemsugua njiani wakati anakimbilia kazini na udi wake.

Mzee Kondo hakuwa na vitabu. Alifundisha kwa kufoka. Kitu chenye unyevu kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Ukikifunga kwenye plastiki kitaota ukungu kama mkate wa juzi, na ushahidi umekwenda na maji. Koleo dogo moja kwa kitu kimoja. Glavu ikigusa pua yako, hiyo sio glavu tena, ni takataka. Meza ifutwe kwa dawa kabla na baada, hata kama unaona haina kitu, maana macho yako, alisema, yaliumbwa kwa ajili ya kutafuta vitumbua. Na kubwa kuliko yote: usiongee juu ya kielelezo kilicho wazi, mate yako nayo yana jina lako.

Hilo la mwisho lilinitesa. Mnanijua. Barakoa zilipoletwa nilishukuru Mungu, nikadhani nimepata mlango wa kufunga mdomo. Kumbe nilikuwa nikiongea mumo humo ndani ya barakoa mpaka miwani inafanya ukungu na sioni koleo liko wapi.

Sasa niwaambie kuhusu manyoya, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Zamani manyoya ya mnyama kwenye nguo ya mshukiwa yalikuwa bughudha tu. Mtaalamu akiyaweka kwenye hadubini alikuwa na uwezo wa kusema haya ni ya paka, haya ya mbwa, haya ya mbuzi, basi. Paka gani, hajui. Ili kupata vinasaba vizuri ilitakiwa nywele iliyong'olewa na mzizi wake, ina kinyama chini. Na paka hang'olewi manyoya, anayamwaga mwenyewe kama mti unavyomwaga majani, hayana mzizi wa maana. Kwa hiyo tuliyaondoa tuone vitu vya maana vilivyoko chini yake.

Halafu akaja Daktari Anitha. Mtu wa Bukoba, mrefu, amerudi masomoni, anaongea taratibu kama vile kila neno lina gharama ya kulitoa. Siku moja akanikuta nakusanya manyoya kutoka kwenye blanketi ili niyatupe. "Mama Salma, usitupe. Ndani ya unyoya wenyewe, hata bila mzizi, kuna urithi kidogo umebaki. Wa upande wa mama peke yake."

"Daktari, na paka naye ana DNA?"

"Kila chenye mama kinayo."

Nikamwambia sielewi, kwa nini mama tu na baba asiwepo. Akafikiri. "Nyie kwenu kusini, mtoto ni wa ukoo wa nani?" Nikamwambia sie Wamakonde wa zamani mtoto ni wa kwa mama, baba anapita tu. Akatabasamu, jambo ambalo hakulifanyaga mara nyingi. "Basi paka wote ni Wamakonde."

Nilitembea na maneno hayo wiki nzima nikiwaeleza watu kwenye foleni ya chai kama vile nimeyagundua mie.

Haikupita muda ikaja suruali.

Ililetwa na Afande Chacha, mpelelezi, mtu wa Mara mwenye sauti ambayo hata akinong'ona chupa zinatikisika. Kisa chenyewe kilikuwa cha Kiwalani. Bibi Tausi, mjane anayeishi peke yake, alivamiwa alfajiri. Aliyeingia alikuwa na panga, akamvunja mkono kwa bapa lake, akachukua simu, redio na bangili zake za fedha alizovalishwa siku ya ndoa. Kulikuwa giza, Bibi hakuona uso. Jirani aliona mtu mfupi akikimbia. Na hapo mtaani kulikuwa na fundi makochi mfupi, jina lake Hamisi, ambaye kibanda chake cha kazi kiko njia hiyohiyo. Nusu ya Kiwalani ni wafupi, lakini Hamisi ndiye aliyekutwa na suruali ina manyoya meupe ya paka tele, na Bibi Tausi alikuwa na paka mweupe anayelala naye chumbani.

"Na sikiliza hii," Afande akasema, amefurahi. "Nimemuuliza mbele ya mkewe: una paka? Akaapa. Hana paka, hajagusa paka, nyumbani kwake paka hakanyagi, mke ana pumu. Sasa manyoya yametoka wapi? Yameruka?"

Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na ukikutwa na hatia ni miaka thelathini. Hamisi alikuwa na mtoto ambaye hajaanza kutembea. Fanya hesabu mwenyewe.

Mie nilishamfunga kabla chai haijapoa. Nilimwambia hata muuza maandazi getini kwamba kuna mtu kaumbuliwa na paka. Naomba mjue kwamba katika kesi hii nilikuwa hakimu wa kujitegemea: asubuhi nilimfunga, mchana nikamwachia, jioni nikamrudisha ndani, na hakuna hata siku moja niliyoulizwa.

Daktari alitoa manyoya kwenye suruali, nikamsaidia kwa tepu na koleo. Paka wa Bibi Tausi akachukuliwa manyoya yake. Yakasafishwa, yakasagwa, yakaingia kwenye mashine. Majibu yakatoka: yanafanana. Afande Chacha akapiga meza kwa kiganja. "Kwisha!"

"Bado," akasema Daktari.

"Bado nini, Daktari? Si umesema yanafanana?"

"Nimesema yanafanana upande wa mama. Paka huyu ana dada zake. Ana kaka zake, ana watoto wa dada zake. Wote watafanana hivihivi. Sijui wako wangapi Kiwalani. Wewe unajua?"

Afande hakujua. Akanigeukia mie kama vile mie ni balozi wa paka.

Ndipo tukaenda mtaani kukusanya manyoya ya kulinganisha. Tulikuwa Daktari, Afande akiwa amevaa kiraia, mjumbe wa mtaa aliyevaa koti la suti juu ya msuli, na mie. Kikapuni nilikuwa na vichana vipya, kila paka na chake, bahasha, glavu, na dagaa wa kuwaita wahusika. Ilikubalika kwamba niongee mie, kwa kuwa watu wazima husikilizwa. Nilijiona. Nilitengeneza kanga yangu vizuri, nikaanzia kwa Mama Shufaa, mkaanga samaki ambaye paka wote wa mtaa humsalimia asubuhi.

"Hodi jamani. Sie tumekuja kuwaomba manyoya ya paka wenu."

Mama Shufaa akasimamisha kijiko hewani. "Manyoya ya nini?"

"Ya paka. Kidogo tu. Tunayaweka kwenye bahasha, tunaandika jina lako, tunaondoka nayo."

Nilijisikia mwenyewe nikilisema, na lilikuwa limeshatoka. Manyoya, jina la mtu, bahasha, na bibi mgeni mwenye kikapu. Ningekuwa nimetumwa na mganga nisingeagiza vingine.

"Mchana kweupe!" Mama Shufaa akapaza sauti. "Jamani njooni muone! Siku hizi wachawi wanavaa glavu!"

"Na vitambulisho wamening'iniza!" akadakia mwingine.

"Huyu bibi namjua," akasema kijana mmoja wa bodaboda. "Nilimuota juzi amekaa juu ya bati."

"Uliniota wapi wewe? Mie usiku nakoroma, hata wajukuu wananihama! Bati la nani litanibeba na mwili huu?"

Watu wakacheka, lakini duara likazidi kukaza. Mjumbe akaninong'oneza, "Sema ni chanjo ya kichaa cha wanyama. Watawaleta wenyewe wamewabeba." Nikaona hapo pana akili. Nimeshafungua mdomo, Daktari akanivuta mkono.

"Hapana, Mama Salma. Mahakamani nitaulizwa haya manyoya niliyapataje. Siwezi kusema niliyapata kwa uongo."

Akasimama mbele mwenyewe, akawaeleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kupima: Hamisi yuko mahabusu, ushahidi mkubwa ni manyoya, na ili ijulikane manyoya hayo yana uzito gani lazima paka wengine wapimwe. Jina la Hamisi likabadilisha hewa. Mmoja akasema mwizi akae hukohuko. Mwingine akasema Hamisi hana hata ubavu wa kumfukuza kuku. Wakaanza kubishana wao kwa wao wakatusahau.

Ndipo akaja Mwajuma, mke wa Hamisi. Kijana mwembamba, mtoto mgongoni, kanga ameziba pua, kifua kinapiga filimbi utafikiri birika.

"Mama Shufaa," akasema, "mwanangu ameanza kusimama, baba yake hajamuona. Wakimfunga atamuona ana ndevu. Na wewe unaogopa kichana?"

Mama Shufaa akaweka kijiko chini. "Usiseme hivyo, Mama Twaha. Mie nilidhani hawa ni watu wa mambo yao." Akapangusa mikono. "Haya. Mzungu! Njoo, Mzungu!"

Mwajuma naye akainama kumsaidia kumkamata. Daktari akapiga kelele, mara ya kwanza namsikia akipiga kelele: "Mama usimguse! Wewe wala mtu wa familia yako, msiguse kitu!" Mwajuma akarudi nyuma. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kusimama mbali, kanga puani, na kuwaita wenye paka kwa majina mpaka wanatoka kwa aibu.

Wanangu, siku mkitumwa kumchana paka asiyekujua, nendeni na mikono mirefu. Nilichanwa mie kuliko nilivyochana. Na majina! Paka weupe watatu, nyumba tatu tofauti, wote wanaitwa Mzungu, akiwemo wa mjumbe mwenyewe. Nikawa naandika Mzungu wa Mama Shufaa, Mzungu wa mjumbe, Mzungu wa kona. Mwekundu mmoja aliyeletwa na familia iliyohamia kutoka Tabata aliitwa Bosi, na alikuwa ndiye pekee mwenye adabu.

Mama Shufaa alipokwisha kutuzoea hakunyamaza tena. Akatusomea nasaba. Paka wote wale weupe, akasema, bibi yao alikuwa paka wake, Bi Harusi, aliyezaa kila msimu mpaka akafa. "Na paka hauzwi, ni dhambi kula bei yake. Nikawa nagawa. Huyu nikampa mjumbe, yule nikampa wa kona. Bibi Tausi wake nilimpelekea mwenyewe ndani ya kikapu." Daktari aliandika haraka. Hakuna aliyewahi kulificha jambo hilo. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza paka wa mtu katoka wapi.

Ikabaki kibanda cha Hamisi. Kilikuwa kimefungwa tangu akamatwe, funguo anazo fundi mwenzake, Juma. Akafungua. Ndani kuna sponji zimepangwa hadi juu, vitambaa, na kochi moja halijavalishwa, mbavu nje. Na katikati ya kochi, juu ya sponji, paka mweupe amelala na watoto wake, akatutazama kama tumeingia chumbani kwake bila hodi. Mgongo wa bati nyuma ya kibanda ulikuwa umetoboka, ndiyo njia yao. Kila kitambaa kilikuwa na manyoya. Ungekaa pale kidogo tu ungetoka na ndevu.

"Hawa wameingia lini?" akauliza Afande.

"Hawa?" Juma akacheka. "Hawa ndio wenye ofisi. Sie wapangaji. Hamisi ndiye anawawekeaga maji."

"Anawawekea nini?"

Sauti ilitoka nyuma. Mwajuma alikuwa mlangoni. Juma akageuka.

"Maji, shemeji. Na... vichwa vya dagaa."

Tulimuona Mwajuma akiangalia kochi, sponji, paka, halafu kifua chake mwenyewe. "Usiku wote ule," akasema. "Nimelazwa, nimewekewa mashine ya hewa, nikatupa mito, nikatupa zulia, nikamfukuza dada wa kazi kwa marashi yake. Na yeye ameketi pembeni ananipepea! Na suruali hiyohiyo!" Akakohoa mpaka akashika nguzo. "Akitoka Hamisi namuua mwenyewe kwa mikono yangu."

"Mama," akasema Afande Chacha, kwa upole wake wote, na bati likatetemeka, "mimi ni polisi. Usiseme hivyo mbele yangu."

Kwa hiyo Hamisi alidanganya kweli. Ila hakuwa akiwadanganya polisi, alikuwa akimdanganya mkewe, na polisi walitokea kuwa wamesimama hapo. Nilimwachia palepale. Njiani kurudi nikamwambia Daktari kwamba kesi imekwisha, mtu hana hatia, ni mpenda paka tu.

"Hapana," akasema. "Tumejua manyoya yanaweza kuwa yametoka wapi. Alfajiri ile yeye alikuwa wapi, manyoya hayajui. Na mimi pia sijui."

Nikanuna hadi Chang'ombe.

Majibu yalipotoka, weupe wote walikuwa kitu kimoja: wale Wazungu, mama wa kwenye kochi, wa Bibi Tausi, na manyoya ya suruali. Bosi wa Tabata alikuwa tofauti kabisa, na Daktari akafurahi kwa sababu ya yeye, maana ilionyesha kwamba mashine ikikuta ukoo mwingine inausema. Ripoti yake niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali aliposema Hamisi ni mwema. Hapakuwepo. Ilisema manyoya yanaweza kuwa ya paka wa Bibi Tausi, au ya paka yeyote wa ukoo huo, na kwamba ukoo huo ni mwingi katika mtaa ule na katika kibanda cha mshtakiwa.

Mahakamani nami niliitwa, maana mikono yangu ilikuwa imepitiwa na bahasha zote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mazito. Wakili wa Hamisi, kijana mpole, akasimama.

"Wewe ndiye uliyewachana hawa paka?"

"Ndiye mimi."

"Walikubali?"

"Walikataa, mheshimiwa," nikamwambia hakimu, nikanyanyua mkono kuonyesha makovu. Watu wakacheka, hakimu akagonga meza, na huo ndio ukawa ushahidi wangu. Miaka yote ile ya kazi, kumbukumbu ya mahakama inanitambua kama mtu aliyekataliwa na paka.

Daktari yeye walimbana. Mwendesha mashtaka akamwambia, "Jibu ndiyo au hapana. Manyoya ni ya paka wa Bibi Tausi?"

"Siwezi kujibu ndiyo, siwezi kujibu hapana."

"Wewe si mtaalamu?"

"Ndiyo sababu siwezi."

Siku ya Hamisi kujitetea nilijiombea ruhusa nikaenda kwa kiherehere changu. Alikuwa mfupi kweli, amekonda, shati limekuwa gunia. Hakimu mwenyewe alimuuliza kwa nini aliapa hajagusa paka wakati kibanda chake ni makazi ya paka. Hamisi akatazama kwenye benchi, alipokaa mkewe.

"Mheshimiwa, nilikuwa namwogopa mke wangu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwajuma hakucheka. Bibi Tausi naye, aliyekaa upande wa pili na mkono wake uliopona ukiwa umepinda, hakucheka.

Siku ya hukumu hakimu alisoma kwa muda mrefu. Mtu mfupi si ushahidi, kwa sababu wafupi ni wengi. Manyoya meupe si ushahidi wa kutosha, kwa sababu weupe ni wengi. Uongo wa mshtakiwa umeelezeka, ingawa haupendezi. Kuna shaka, na shaka ni haki ya mshtakiwa. Akamwachia huru.

Nilisimama nikitaka kupiga vigelegele, nikakutana na macho ya Bibi Tausi. Alikuwa anahangaika kujifunga mtandio kwa mkono mmoja. Nikamsaidia.

"Mwanangu," akaniambia, "nyie ndio mlipima?"

"Ndio sie, Bibi."

"Sasa mie aliyenivunja mkono ni nani?"

Mnajua mie huwa sikosi neno. Ningeweza kumwambia sio Hamisi, na moyo wangu ulitaka hivyo, lakini hilo hatukulipima. Nikamwambia, "Hatujui, Bibi." Akaitika kwa kichwa. Nikamfunga mtandio vizuri, nikamshika mpaka kwenye ngazi, akaondoka na mjukuu wake. Ni jibu baya kumpa mtu, "hatujui," na ndilo tulilokuwa nalo. Mtalitoa na nyie. Mlitoe mkiwa mmemwangalia mtu usoni.

Nje, Hamisi alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma akiwa na watu wake. Mama Shufaa alikuwepo, Juma alikuwepo, kelele nyingi. Hamisi akamwendea mkewe mikono imefunguliwa, analia. Mwajuma akarudi nyuma.

"Simama hapohapo."

"Mama Twaha, mie huyu..."

"Nakuona. Huko mahabusu nako kuna paka." Akatoa mfuko begani. Ndani kulikuwa na shati, suruali na sabuni. "Nenda kwenye bomba kule nyuma. Uoge, ubadilishe vyote. Hivyo ulivyovaa mpe Juma avichome."

"Hapa mahakamani?"

"Kwani wapi? Nyumbani unaingiaje?"

Akaenda. Watu wakamcheka, mie nikiwa mbele. Tukamsubiri. Alirudi maji yanamtiririka masikioni, shati jeupe lina mikunjo ya kabati, akasimama mbali alipoambiwa asimame, kama mtoto anayesubiri kukaguliwa kucha. Mwajuma akamsogelea hatua kwa hatua. Akafika karibu na bega lake, akaondoa kanga puani, akavuta pumzi, akanyamaza kusikiliza kifua chake mwenyewe. Sote tukakisikiliza. Akavuta tena, ndefu.

Hakikupiga filimbi. Akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi baba yake.